Kaka anasema ninasomea umbea wa kimataifa

BARUA

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni binti wa miaka 22, kwetu ni Sirari, wilayani Tarime, pale mpakani kabisa na Kenya. Nimemaliza mwaka wa pili wa shahada ya Sayansi ya Siasa kwenye chuo ambacho naomba nisikitaje. Nakuandikia kwa sababu likizo inaelekea ukingoni, na chuo kikifungua natakiwa niwe nimeamua jambo ambalo nyumbani ni kama limeshaamuliwa.

Mwaka wa kwanza nilikuwa nakariri tu ili nisidisko, yaani nisiondolewe chuo kwa kufeli. Kozi yenyewe haikuwa chaguo langu la kwanza. Mambo yalibadilika tulipoanza Siasa Linganishi. Mhadhiri aliingia bila slaidi, akaandika ubaoni mambo matatu. Kenya, Septemba 2017: Mahakama ya Juu inafuta matokeo ya urais. Malawi, Februari 2020: Mahakama ya Katiba inafuta matokeo ya urais. Tanzania, ibara ya 41(7) ya Katiba: matokeo ya urais yakishatangazwa, hakuna mahakama inayoruhusiwa kuyachunguza. Akauliza, "Kwa nini?" Halafu akakaa.

Darasa likaanza. Mara Wakenya ni wajeuri, mara sisi ni wapole. Kila jibu alilivunja kwa mfano mwingine. Kama ni ujeuri, mbona mwaka 2013 mahakama hiyohiyo ya Kenya iliitupa kesi ya urais? Kama ni umaskini unaotia majaji woga, mbona Malawi ni maskini kutuzidi? Nilitoka pale kichwa kinawaka moto. Tangu siku hiyo sisomi tena kwa ajili ya mtihani.

Sasa tatizo. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili. Kaka yangu mkubwa ana duka la vifaa vya ujenzi, na kwa kuwa mkopo wa Bodi haukunitosha, yeye ndiye anayejazia ada na kunilipia chumba. Likizo hii aliniita mbele ya mama na shemeji, akasema mwaka ujao nihamie Ununuzi na Ugavi. Kuna kijana wa jirani alisoma hiyo, leo yuko halmashauri, ameshawaezekea wazazi wake nyumba. "Wewe ukimaliza utafanya nini? Utazunguka kulinganisha marais? Huo ni umbea wa kimataifa." Wote walicheka. Na mimi nilicheka, lakini iliniingia.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeshaaibika. Tulivuka kwenda harusini kwa mjomba, upande wa Isebania. Mjomba akaniita mbele ya wageni: "Haya msomi wa kulinganisha, tuambie. Sisi gavana tunampigia kura. Nyie mkuu wa mkoa mnaletewa na Rais. Wenye demokrasia ni nani?" Nikasema ni wao. Akadakia, "Sasa mbona mke wangu unga anavuka kuja kununua kwenu?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nilijaribu kueleza, nikaingiza amani, nikaingiza uchumi, nikaingiza ukabila, nikapotea humohumo. Kaka alikuwepo. Hakusema neno, aliniangalia tu, na nahisi ndipo alipoamua.

Rafiki yangu wa chumba kimoja ananiambia kama nimeng'ang'ania siasa basi angalau nichukue Uhusiano wa Kimataifa, huko kuna ubalozi na pasipoti. Mhadhiri wangu anasema nina kichwa cha utafiti, na kwamba mradi wangu wa mwaka wa tatu ningeufanya kuhusu Wakuria wa pande mbili za mpaka, maana sisi ni watu wamoja ila serikali ni mbili. Mama yuko kimya. Alisema mara moja tu, "Siasa si mchezo, mwanangu," akaendelea kuchambua dagaa.

Mwalimu, hili ni somo kweli, au ni mijadala ya kijiweni iliyovalishwa joho? Nibaki au nihame? Na kaka nimwambie nini, mtu ambaye bila yeye nisingekuwa hata hapa?

Ni mimi,
Binti wa Mpakani

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma na kalamu mkononi. Tabia ya ualimu haitoki hata ukistaafu.

Nikiipanga upya, nakusikia hivi. Kuna somo limekunasa. Anayekulipia haoni ugali ndani yake. Ukitakiwa ulieleze mbele za watu, linakuponyoka. Na mama hasemi. Umeniuliza ubaki au uhame, na hilo sitakuamulia, kwa sababu atakayeamka nalo kila asubuhi ni wewe. Ninachoweza ni kukufungulia furushi, maana humo umefunga vitu ambavyo si vya kundi moja.

Nianze na harusini, kwa sababu nadhani ndiko ulikoumia zaidi, hata kuliko maneno ya kaka. Pale mjomba alikuuzia mbuzi kwenye gunia, nawe ukalipa bila kufungua. Gavana wa Kenya na mkuu wa mkoa wa Tanzania hawakai kwenye mizani moja. Gavana anaongoza serikali ya kaunti, moja kati ya 47 zilizoletwa na Katiba ya 2010, yenye bunge lake na fungu lake. Katiba hiyo inataka kaunti zote kwa pamoja zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya serikali ya kitaifa. Mkuu wa mkoa ni mwakilishi wa Rais. Ukimtafutia mwenzake huko Migori utampata: ni kamishna wa kaunti, naye hapigiwi kura na mtu, anateuliwa. Na ukitaka kumtafutia gavana mwenzake huku kwetu, itabidi ushuke hadi halmashauri. Huko madiwani wanachaguliwa na wananchi, wao wanamchagua mwenyekiti wao, lakini mkurugenzi anayesimamia shughuli na fedha anateuliwa na Rais.

Ona jinsi ubishi unavyohama. Mjomba anapompigia gavana kura, kamishna aliyeletwa kutoka Nairobi naye ana ofisi yake kwenye kaunti hiyohiyo. Kwa nini Kenya iliamua kuwaweka wote wawili, mchaguliwa na mteule? Wanagawanaje madaraka kunapotokea vurugu? Hapo mjomba angekaa chini, pengine angeanza hata kukupa habari ambazo huna, maana yeye anaishi nao. Ama suala la unga, bei yake inaweza kuwa ni mvua, ushuru au thamani ya shilingi, na demokrasia isiwemo kabisa.

Kwa hiyo unapouliza kama hili ni somo kweli, nakuomba kwanza utazame dhana moja uliyobeba bila kujua. Ulipoulizwa "wenye demokrasia ni nani" ulikubali kwamba kulinganisha ni kupanga nchi kama timu kwenye msimamo wa ligi. Mhadhiri wako hakuuliza nani bora. Aliuliza kwa nini.

Kazi yenyewe ni ya zamani. Aristotle na wanafunzi wake wanatajwa kukusanya katiba 158 za miji ya Wagiriki ili waone tawala zinasimamaje na zinaangukaje. Karne ya 19 John Stuart Mill wa Uingereza alieleza kanuni ambazo mpaka leo mnafundishwa: ukipata pande mbili zinazofanana karibu kila kitu, lakini matokeo yanatofautiana, itafute ile tofauti moja iliyobaki, na ukipata pande zisizofanana kabisa zenye matokeo yaleyale, tafuta wanachochangia. Mill mwenyewe alionya kwamba mambo ya jamii hayatoi nafasi safi kama hiyo. Kwa muda mrefu somo lilikuwa ni kueleza katiba za Ulaya na Marekani basi, kisha nchi zetu zilipopata uhuru watafiti wakajikuta wana mifano mingi kuliko nadharia walizonazo. Hayo utayasoma mwenyewe, siyo yaliyokuwasha moto.

Kilichokuwasha moto nadhani ni kitu cha aina hii. Mtafiti wa Kimarekani, Daniel Posner, alikwenda kwenye mpaka wa Zambia na Malawi. Pale wapo Wachewa na Watumbuka, pande zote mbili. Mpaka ulichorwa na wakoloni ukawakata katikati. Lugha zilezile, mila zilezile. Akachagua vijiji vinavyokaribiana, huku na huku, akauliza watu: ungekubali kuoa kabila lile? Ungempigia kura mgombea wa kabila lile? Upande wa Malawi wakaonekana kutazamana kwa jicho la mashaka. Upande wa Zambia, ni kama ndugu. Sasa hebu fikiri: maelezo yote ya "hawa ni watu wa namna ile tangu enzi" yamekufa papo hapo, kwa sababu watu ni walewale. Jibu alilolichapisha mwaka 2004 ni hesabu ya kura. Malawi, kila moja ya makabila hayo ni kubwa kiasi cha kuwa mtaji wa mwanasiasa. Zambia yote mawili ni madogo mbele ya taifa zima, kwa hiyo anayetafuta kura anawakusanya pamoja kama watu wa Mashariki.

Unakubali? Usikubali haraka. Kamuzu Banda aliitangaza Chichewa kuwa lugha ya taifa mwaka 1968 na utawala wake ulionekana kuwapendelea Wachewa. Huenda kidonda kilianzia hapo na si kwenye hesabu. Utatofautishaje sababu hizi mbili? Ukiona swali hilo linakunyima usingizi, hiyo ni habari muhimu kuhusu wewe, na kaka yako anapaswa kuijua. Ukiona linakuchosha na unachotaka hasa ni kumshinda mjomba harusi ijayo, hiyo nayo ni habari, wala hakuna aibu ndani yake.

Nimelichagua hilo la Posner kwa sababu ya mradi aliokutajia mhadhiri. Wakuria wa Migori ni wachache katikati ya Wajaluo wengi. Wakuria wa Tarime ndio wenyeji wakuu wa wilaya, ila ndani ya mkoa wa Mara wenye makabila chungu nzima. Sirari na Isebania unazijua kwa miguu. Unajua duka lipi linapokea shilingi ipi, na nani ana shamba huku na mke kule. Hiyo ni hazina, ila ina mtego wake: mtu wa nyumbani huwa hauoni utaratibu ambao amekua nao. Mgeni angeuliza kwa nini mwenyekiti wa kijiji chenu anachaguliwa, ilhali chifu wa upande wa pili ameajiriwa na serikali. Wewe huenda hujawahi kuona hapo kuna swali.

Na kuna mtego mwingine, huu ni wa Watanzania wote. Mchumi Edward Miguel aliwahi kulinganisha Busia ya Kenya na Meatu, wakati huo ikiwa Shinyanga na leo ni Simiyu. Aliona kwamba Busia, kadiri makabila yalivyochanganyika ndivyo fedha za kuendesha shule zilivyopungua. Meatu hakuuona uhusiano huo. Akahusisha tofauti hiyo na sera za kujenga taifa baada ya uhuru: Kiswahili, mitaala ya shule, kufutwa kwa machifu. Mtanzania akisoma hapo anavimba kichwa. Lakini ni wilaya mbili tu, Meatu kuna Wasukuma wengi, na nchi hizi zimetofautiana kwa mambo mengi tangu uhuru, siyo hayo tu. Utafiti ni mzuri sana, mimi naupenda, ila unafungua mjadala, haufungi. Jambo linalokupendeza ndilo la kulikagua zaidi.

Mfano mwingine wa kukagua ni ujio wa vyama vingi. Kenya kulikuwa na watu barabarani kuanzia Julai 1990, wafadhili wakasimamisha misaada Novemba 1991, na Desemba hiyo kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kikafutwa. Tanzania, Tume ya Jaji Nyalali ilizunguka nchi, na takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni wakasema chama kimoja kiendelee. Mwaka 1992 vyama vingi vikaja hata hivyo. Ukimsikia mtu anasema demokrasia huja wananchi wakiidai, una mfano wa kumpa. Ukimsikia mwingine anasema huletwa na wakubwa tu, nao mfano unao.

Kuhusu lile swali la ubaoni, nikuibie jambo moja. Mahakama ya Juu ya Kenya iliyofuta uchaguzi wa 2017 haikuwepo kabla ya Katiba ya 2010. Na Tanzania haiwezi kukuambia lolote juu ya ujasiri wa majaji katika kesi ya urais, kwa sababu mlango umefungwa kabla hawajaufikia. Swali la Tanzania ni jingine: kwa nini mlango huo haujafunguliwa, hata baada ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo hapohapo Arusha, kutoa hukumu mwaka 2020 kwamba kifungu hicho kinakiuka Mkataba wa Afrika? Zimebaki nchi mbili, tena Malawi uchaguzi wa marudio ulimtoa aliyekuwa madarakani, na Kenya haukumtoa. Endelea mwenyewe.

Sasa tuje kwa kaka.

Umeniandikia maneno yake ya kejeli, lakini katikati yake umeniandikia kitu kingine: anakujazia ada, anakulipia chumba, na hajasema ataacha. Mtu aliyechukua nafasi ya baba hupimwa na majirani kwa namna alivyowafikisha wadogo zake. Anaogopa utarudi nyumbani na cheti halafu ukae. Je, umewahi kumuuliza anaogopa nini hasa, mkiwa wawili tu, bila shemeji wala wageni?

Na yeye anajua kulinganisha, tena kwa fedha zake. Kabla hajaagiza saruji, anauliza bei ya huku na ya kule, kisha anahakikisha mifuko ni ya kilo 50 yote, ni daraja lilelile, anaweka usafiri na ushuru, anatazama shilingi ya Kenya imesimamaje wiki hiyo. Hakubali kuambiwa tu "kule ni rahisi". Mwambie somo lako ndilo hilo, ila badala ya saruji ni mahakama na mabunge, na hasara yake ikitokea inalipwa na nchi nzima.

Lakini kwenye suala lako kaka ameiacha kanuni yake. Ushahidi wake ni kijana mmoja aliyefanikiwa. Somo lako lina onyo juu ya hilo, ulilisoma au utalisoma: ukichunguza waliofaulu peke yao, hutajua kilichowafaulisha. Wahitimu wa Ununuzi na Ugavi ambao wako Tarime na hawana kazi ni wangapi? Hao hawaezeki nyumba, kwa hiyo hakuna anayewataja. Fani hiyo ina bodi yake ya kitaaluma, ina mitihani yake na usajili wake, shahada peke yake si mwisho wa safari. Je, kaka anajua?

Onyo hilohilo linakurudia wewe. Mhadhiri wako naye ni mfano mmoja, tena aliyefaulu, ndiyo maana amesimama mbele ya darasa. Waliopenda Siasa Linganishi kama wewe, wakamaliza miaka mitano iliyopita, wako wapi? Watafute, kumi au hata sita, wa kozi zote mbili, uwapate na waliokwama. Waulize walikaa muda gani bila kazi, nani aliwashika mkono, wanafanya nini hasa kuanzia asubuhi. Pitia matangazo ya Sekretarieti ya Ajira uone ni nafasi zipi zinataja Sayansi ya Siasa na zipi Ununuzi, na kila nafasi moja inagombewa na watu wangapi. Ukienda kwa kaka na karatasi hiyo, hata kama inakuumbua, utakuwa umemwonyesha kozi yako inakufundisha nini.

Njia zilizo mbele yako nazitazama hivi. Ukihama, utamtuliza kaka na utaingia kwenye fani ambayo kila taasisi inaihitaji, kwa sababu kila taasisi inanunua. Hatari yake ni kwamba miaka miwili huenda ikapotea. Usikubali kuambiwa na rafiki kwamba "wanakubebea masomo". Uliza chuoni kwa maandishi ni masomo yapi yanahesabika, taratibu za Tume ya Vyuo Vikuu zinasemaje juu ya kuhama, na uulize Bodi ya Mikopo kama mkopo unakufuata na kwa miaka mingapi. Isije ikawa kaka anadhani anapunguza mzigo kumbe anajiongezea miaka miwili ya kulipa. Hilo peke yake linaweza kubadili mawazo yake, au yako. Na kuna hatari nyingine isiyo na risiti: kukaa darasani ukisoma mikataba ya zabuni huku ukimhesabia kaka kila siku unayochoka. Wapo walioihama fani waipendayo wakaizoea mpya, hata wakaipenda. Wapo ambao kinyongo kimekaa. Wewe ni wa aina gani, unajijua kuliko mimi.

Ukibaki, hatari yake ni ileile anayoiona kaka, tena ni ya kweli. Hakuna ofisi yenye kibao cha "Mlinganishaji". Kazi zipo zimetawanyika: taasisi za utafiti, tafiti za maoni kama Afrobarometer zinazohitaji watu wa kuuliza na kuchambua, vyombo vya habari, asasi za kiraia, utumishi wa umma, sekretarieti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wengi wanazigombea, na mara nyingi anayezipata ni aliyebeba kitu cha ziada juu ya shahada. Kwa hiyo ukibaki, usibaki mikono mitupu. Takwimu usizikimbie, najua wengi huchagua siasa ili waikimbie hesabu, na hapo ndipo wanapokwama. Jifunze programu ya kuchambua data hadi uweze kuifundisha. Kifaransa nacho, kama una sikio la lugha: Rwanda na Burundi ni jozi ambayo kila mlinganishaji wa kanda hii atakutana nayo. Burundi, baada ya Mkataba wa Arusha wa 2000, iliweka kwenye Katiba mgawo wa asilimia 60 kwa 40 wa Wahutu na Watutsi bungeni. Rwanda ilifuta kabila kwenye vitambulisho na kupiga marufuku siasa za kikabila. Historia za nchi hizo zinakaribiana sana, dawa zao zikapishana kabisa. Nyaraka nyingi ni za Kifaransa.

Njia ya kati ipo pia: kumaliza mwaka mmoja uliobaki, kisha kuongeza stashahada ya uzamili au mitihani ya kitaaluma ya ununuzi kama utaratibu utakuruhusu. Inaonekana nzuri kwa sababu haimkosei mtu. Uzito wake ni fedha na muda, na nani atalipa baada ya shahada ni jambo la kuongea sasa. Kuhusu Uhusiano wa Kimataifa wa rafiki yako, sina neno baya, ila umeniandikia kurasa nzima kuhusu mahakama, magavana na mpaka, na hakuna mstari hata mmoja ambapo umetamani ubalozi.

Amebaki mama. Kaka, mjomba, rafiki na mhadhiri wote wameongea kwenye barua yako kwa kirefu. Mama umempa mstari mmoja, tena wenye dagaa ndani yake. Huenda anadhani kusoma siasa ni kuingia siasa, bendera na majukwaa, na hilo linaelezeka kwa upole: anayesoma magonjwa hatakiwi kuugua. Lakini usilipuuze neno lake. Ukifanya utafiti Sirari na Isebania utakuwa unauliza watu kuhusu serikali zao, katika nchi mbili zenye vibali tofauti, Kenya wana tume yao ya sayansi na sisi tuna yetu. Bila barua ya chuo na ruhusa ya mamlaka za pande zote, utajikuta unaelezea nia yako mahali ambapo hukutaka kufika. Na wewe una kwako pa kurudi. Anayekujibu maswali anabaki kijijini na majibu yake, kwa hiyo jina lake lisikae kwenye daftari lako. Kipindi cha uchaguzi, hata swali la kawaida hugeuka. Mhadhiri anayekuhimiza ufanye mradi huu muulize atakusaidiaje katika hayo. Akikujibu kijuujuu, fikiria mada nyingine, zipo nyingi zinazofanyika maktaba kwa nyaraka za Bunge na hukumu za mahakama.

Kaa na mama mkiwa wawili. Muulize anachokiona yeye, si kuhusu kozi tu, hata kuhusu kaka na huo mzigo aliobeba. Huenda anajua mambo ya dukani ambayo wewe hujaambiwa.

Halafu umfuate kaka kabla chuo hakijafungua, siyo siku ya kupanda basi. Majibu ya Bodi na ya chuo uwe nayo mkononi. Na kama mtakubaliana uhame, barua ya maombi iandike wewe mwenyewe na sababu uziandike wewe, kwa sababu maswali yote ofisini utaulizwa wewe.

Niandikie ukishapata hayo majibu ya mkopo.

Mwalimu wako